Saa Moja ya Mama

Jumatano, 10 Septemba 2025
Mama anarudi! Dada yangu Carine ametuma picha ya tiketi kutoka Kinshasa. Jumamosi, kuondoka saa 11:00, kufika Lubumbashi saa 14:20. Kilomita elfu moja mia tano na zaidi, juu ya misitu yote ile, na mama wa miaka sabini na moja amekaa tu anakunywa chai! Carine anasema angani ni saa mbili na dakika ishirini. Ile saa inayobaki nadhani ni ya kugawa mikate.

Nimepiga hesabu. Kwa mwendo huo, kutoka hapa kwetu Likasi hadi Lubumbashi ni dakika kumi na moja! Juzi sisi tulitumia saa tatu, nyuma ya lori la shaba. Nimeshika kichwa.

Shida ni moja: mdogo wangu Pitshou. Mama amesema kwenye simu, "Ule mutoto nitaona wa kwanza pa kutoka, njo nitaikala kwake." Yaani atakayewahi kuonekana mlangoni ndiye atakayekaa naye. Mimi ndiye kifungua mimba. Mama ni wangu.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimeamka na akili. Tiketi ilitolewa Kinshasa. Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, hata mtoto anajua. Basi 14:20 yao ni 15:20 yetu! Pitshou hajawaza hilo. Jua la Septemba litamchoma saa nzima, atakwenda kutafuta maji. Hapo nitatokea mimi, na koti.

Mke wangu Mwadi ameniuliza kama nimeulizia mtu. Nimemkumbusha nilipima malori kiwandani miaka ishirini. Namba zinanijua.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimefika uwanjani 14:55. Mapema! Ndege kubwa, nyeupe, ilikuwa ikijiandaa kuruka. Ilipopaa, kifua changu kilitetemeka. Chuma kizima kile, hewani! Nikaipungia mkono kama mjinga.

15:20, hakuna kitu. 16:00, hakuna kitu. Nikaogopa. Nimelia mbele ya madereva wa teksi, bila aibu. Nikampigia Pitshou, kumwambia mama yetu amepotea angani.

Mama mwenyewe ndiye aliyepokea. Walikuwa tayari barabarani kurudi Likasi, wamekaribia Kapolowe. "Bertin, pa billet balishaka kuandika saa ya huku. Weye uko wapi?"

Kumbe 14:20 ya tiketi ilikuwa tayari saa yetu, na ndege ile niliyoipungia mkono ndiyo iliyomleta.

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya misa nimekwenda kwa Pitshou. Mama amenishika mashavu, akanipa bukari, ugali wetu, kubwa kuliko ya Pitshou. Lakini mkoba wake uko chumbani kwa Pitshou.

Mama akanieleza. Alipoondoka kule saa 11:00, huku ilishakuwa 12:00. Kumbe mikate haihusiki! Ile saa imemezwa. Mama yangu amepungukiwa saa nzima ya maisha, na hakuna aliyelalamika!

Nimefikiri mchana wote. Kisha nikaona: akienda Kinshasa, anarudishiwa. Unaondoka saa 10:00, unafika 11:20! Basi mama aende kwa ndege, arudi kwa barabara, polepole, ili saa isigundue. Kila safari, saa moja ya faida. Akisafiri sana, mama hatakufa.

Nimemweleza Mwadi. Ameendelea kuchambua majani ya sombe.

Nimemwandikia Carine aulizie tiketi. Safari hii nitampokea mimi. Hesabu ya saa nitapiga mwenyewe.