Azimio la Nyonga

Ndugu wananchi, ieleweke kwamba mwaka ule wa vita kijiji chetu cha ujamaa, huku Ngara, kilikuwa cha kwanza kupiga marufuku kuanguka kwa wazee. Magari yote yalikuwa mstari wa mbele kumkabili adui, na mzee aliyevunjika angetaka gari. Azimio nililiandika mimi, katibu wa Kamati ya Mifupa.

Bibi Verediana alilipuuza. Aliteleza kwenye tope la migombani, akakaa chini puu! Hakuinuka. Wakambeba kwa machela hadi zahanati, ambako muuguzi Restituta alimkagua akasema fupanyonga limepata ufa.

"Kwa kuteleza tu?" akauliza mwenyekiti wetu, Mzee Theonest. "Hii ni hujuma."

"Ni uzee, mwenyekiti. Mifupa imekuwa kama bua kavu. Nitampa dawa ya maumivu, kesho tumsimamishe, atembee kidogo kidogo."

"Nyumba ikipata ufa, utaitembeza?"

"Nyumba haioti vidonda mgongoni. Huyu akilala tu, kifua kitajaa na miguu itasahau kazi."

Kamati ikakaa, ikanywa pombe ya ndizi, ikaazimia: mgonjwa wa nyonga atalala chali, wala hatainuka mpaka mwenyekiti aitishe kikao cha kumruhusu. Kikao kitafuata vita vikiisha.

Nilikwenda kumsomea mgonjwa azimio hilo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hicho kikao chenu ndicho kitakachonipeleka chooni?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda.

Asubuhi Restituta na Deodata, mkwe wa bibi, wakamsimamisha. Alilia kwa maumivu, akaitukana kamati mmoja mmoja kwa majina ya baba zetu, lakini akapiga hatua. Kesho yake tena. Maharage yalipokomaa, alikuwa shambani na fimbo yake, akivuna. Tukampa karipio kali.

Vita vikaisha, tukashinda. Mwenyekiti, ambaye umri wake ulikuwa siri ya serikali, alipanda juu ya meza kututangazia ushindi. Akacheza ngoma. Meza haikucheza naye.

"Nyonga," akasema Restituta, akimkagua pale chini alipoanguka.

Alfajiri mwenyekiti alikuwa analia kitandani. "Mgongo unaungua! Nisimamisheni!"

Ikabidi nimkumbushe azimio, kwa heshima zote.

"Basi naitisha kikao!"

"Kikao hufunguliwa mwenyekiti akiwa amesimama, mzee."

Akanitazama kama ng'ombe aliyekwama topeni. Kanuni ni kanuni. Hata yeye hakupata pa kutokea.

Ndipo Bibi Verediana akaingia, akaegemeza fimbo ukutani.

"Shikamoo, mama," akasema mwenyekiti, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia mkutanoni.

"Marahaba. Lete mkono. Itauma, kisha itauma kidogo."

Akamvuta, Restituta akamshika kiunoni. Mwenyekiti akapiga hatua ya kwanza akilia kama mtoto mchanga, nami nikatoa kalamu kuandaa karipio kwa wote watatu.

"Weka hiyo kalamu, mwanangu, ushike upande wa pili," bibi akaniambia. "Huyu mzito. Vita havikumpunguza."