Kapteni wa Viti vya Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa gari. Si langu, ila funguo ziko mfukoni mwangu, na hilo ndilo muhimu. Shemeji amehamishiwa zamu ya asubuhi kwenye duka la dawa. Dada naye huwa kwenye kiwanda cha mikate kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo ni mimi, mjomba, nitakayewapeleka watoto wao shule ya chekechea. Ndiyo maana bado nina kitanda chumba cha nyuma. Tangu kampuni ya bima initoe kazini, shemeji hunitazama kama bomba linalovuja.

Jana alinifundisha kufunga viti vya watoto. Mtu mzima mimi. Mikono ya mtoto ipite huku, ndimi za chuma zikutane, zisukumwe kwenye kifungo mpaka zilie tak, kisha uvute utepe ulio kati ya miguu mpaka mikanda ikaze mabegani. Halafu akajaribu kuubana mkanda kwa vidole viwili. Akasema ukibanika ukajikunja, haujakaza. Akarudia, akarudia, mpaka dada akamwambia inatosha, baba, ameelewa.

Leo nimewafunga mwenyewe. Mgongo umekataa. Yule mdogo, Kibonge, miaka mitatu, alijikaza kama ubao, kisha akalegea kama nguo mbichi. Shati langu zuri lina alama ya kiatu chake. Lazima kuna njia nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Njia ipo. Dada yake Kibonge ana miaka sita, ni mwelevu, na hakuna anachopenda kama kuambiwa ana kazi. Nimemteua Kapteni wa Viti vya Nyuma. Kazi yake ni kujifunga mwenyewe, kisha kumfunga mdogo wake. Kazi yangu ni kukaa mbele na kikombe cha chai.

Kufunga kifungo alikamata upesi. Kukaza ndiyo shughuli. Utepe mgumu, vidole vyake kama njiti. Nikamwonyesha mbinu: weka mguu kwenye ukingo wa kiti, uvute kwa mwili mzima. Akavuta, akaangukia mgongo kwenye sakafu ya gari. Akainuka bila kulia, akarudia. Akasema mkono unamuuma. Nikamwambia makapteni wote mikono huwauma. Nikampa peremende.

Tatizo ni Kibonge. Akikazwa hulia, na kilio chake kinaingia sikio moja na kubaki humo humo. Nimelirahisisha somo. Ikilia tak, imetosha.

Jumatano, 5 Machi

Kapteni amemsimulia baba yake kila kitu wakati wa kula. Amesimama hata kwenye kiti kuonyesha jinsi anavyovuta. Nilidhani nitapongezwa. Shemeji akaniita pembeni, kwa ile sauti yake ya kumwelekeza mgonjwa dozi.

"Ajifunze, sina neno. Lakini unashuka, unaangalia mwenyewe. Kila safari, shemeji."

Nikasema naangalia. Ni kweli. Naangalia kwenye kioo.

Wivu tu. Yeye amewafunga watoto hawa tangu wazaliwe na hajawahi kuwafundisha kitu.

Wazo kubwa limenijia nikioga. Kila asubuhi pale getini pana msururu wa magari, na wazazi wameinama milangoni, makalio nje, wakihangaika na mikanda. Watoto wote wakijua kujifunga, msururu utaisha. Na nani atawafundisha? Mkufunzi wa Mikanda. Cheo kizuri. Kitahitaji kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kesho namwona mwalimu mkuu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemtoa mwalimu mkuu ofisini mpaka kwenye gari. Kapteni amefanya kazi safi mno. Mikono imepita, ndimi zimekutana, tak. Kwa Kibonge, tak. Wazazi wawili watatu wamesimama kutazama. Nilijiona kama baba wa bwana harusi.

Mwalimu akapiga makofi, akamsifu mtoto. Kisha akaingiza mkono, akauvuta mkanda wa Kibonge. Ukamfuata mpaka karibu na kidevu cha mtoto. Akasema mtoto kujifunza ni jambo jema sana, ila kukaza na kukagua ni kazi ya mtu mzima. Kuhusu kuniajiri, akasema atafikiria.

Hapo kwenye kukagua kuna mtu alikuwa anapiga honi, sikumpata vizuri. Hilo la atafikiria nimelisikia barabara.

Ijumaa, 7 Machi

Leo sikutaka kuandika. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi kulikuwa na baridi na nilichelewa kuamka. Kibonge alivaa sweta nene na koti juu yake. Tayari nilikuwa nimewasha gari Kapteni aliposema, "Mjomba, haikazi. Koti limejaa. Njoo uangalie."

Nikamuuliza kama imelia.

"Imelia. Lakini haikazi."

Nikasema basi twende, tumechelewa.

Kwenye kona ya soko la mbao mkokoteni wa maji ukatokea mbele yangu. Nikafunga breki. Sikuwa na mwendo mkubwa. Nitamwambia yeyote atakayeuliza, sikuwa na mwendo mkubwa. Nilisikia kitu kimepiga mgongo wa kiti changu. Kizito kidogo, kama mfuko wa unga. Kisha Kapteni akaanza kumwita mdogo wake kwa jina, polepole, kama anayemwamsha.

Kibonge aliteleza akatoka ndani ya mikanda. Ilikuwa bado imefungwa pale kitini, na koti limening'inia humo.

Mfupa wa mtulinga, huu wa begani, umevunjika. Mdomo umeshonwa. Daktari amesema atapona, na kwamba tumshukuru Mungu haikuwa shingo.

Nesi aliuliza nani alimfunga mtoto huyu. Nilikuwa natafuta namna ya kulieleza. Kapteni akanyoosha mkono juu, kama darasani.

"Mimi."

Nesi akanitazama. Mimi nikatazama feni.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba imenuna. Kibonge analala mapajani kwa mama yake, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Anakunywa uji kwa mrija. Dada ameniuliza swali moja tu.

"Uliangalia?"

Nikamwambia Kapteni alisema imelia. Sijadanganya hata neno. Dada akageuza uso ukutani.

Jioni shemeji alikaa chini sakafuni mbele ya binti yake, akamshika magoti. "Si kosa lako, mama. Haikuwa kazi yako. Ilikuwa kazi ya mkubwa." Aliyasema hayo mimi nimekaa pale pale, bila hata kunitazama. Mafunzo ya siku zote hizo anayabomoa kwa sentensi tatu.

Kapteni alikuwa ameikalia mikono yake.

Jumatatu, 10 Machi

Funguo zimerudi kwa shemeji, aliyeomba kubadilishiwa zamu. Nimewachungulia kupitia pazia. Kapteni hagusi tena kifungo. Baba yake anamfunga, naye anamwomba abane mkanda kwa vidole. Anabana. Anamwomba abane tena. Hawakuondoka haraka. Nimeona shemeji ameegemeza paji la uso kwenye paa la gari.

Dada ameniambia nitafute pa kukaa. Hakupandisha sauti. Amenipigia pasi mashati yote na kuyakunja. Bora angenitukana.

Jumanne, 11 Machi

Nikifunga begi, Kapteni alikuja akasimama mlangoni. Akaniuliza swali ambalo ni wazi amelibeba tangu Jumamosi.

"Baba anasema si mimi. Mjomba, ni mimi?"

Swali gumu. Mtoto anahitaji kujifunza kuwajibika. Nikamwambia baba yake anampenda sana, na mtu akikupenda husema hivyo. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema pole, mjomba. Nikamwambia mimi nimeshamsamehe.

Aliondoka bila kuchukua peremende. Nadhani limemwingia.

Alhamisi, 13 Machi

Nipo kwa binamu. Ana roho nzuri, hakuuliza maswali mengi. Ameachika, anafanya kazi zamu za usiku, kwa hiyo tumekubaliana asubuhi nitawasimamia watoto wake watatu: chai, sare, shule. Nalala kwenye kochi sebuleni, na jiko la gesi liko hapo hapo nyuma ya pazia.

Leo nimeamka alfajiri kuchemsha chai. Mgongo umekataa.

Mkubwa wao ana miaka saba. Nimemchunguza akifunga kamba za viatu. Mikono mizuri, haitetemeki. Na anapenda kuambiwa ana kazi. Sufuria ataifikia akipanda kigoda, na kuwasha si kazi ngumu: unageuza kitasa, unasikiliza, ikilia pu, imetosha.

Kesho nitamteua Mpishi Mkuu.