Boko Boko Langu na Hila za Mahfoudh

Jumamosi, 3 Januari 2004

Baridi! Nimekwenda kazini na koti juu ya dishdasha na shali shingoni. Philip, yule Mkenya anayetengeneza kompyuta zetu, kaja na shati la mikono mifupi. Kaniuliza kama nnaumwa. Nikamwambia hii ndiyo baridi ya Maskati, inaingia mpaka kwenye mifupa. Kasema kwao Nyahururu siku kama hii watu huanika nguo. Asiyejua baridi hafundishiki.

Sasa la maana. Mahfoudh hajanialika! Kila msimu wa baridi, Alhamisi baada ya Magharibi, hutandika mikeka uani kwake, akawasha makaa, na watu wakala boko boko: ngano na nyama, imesongwa mpaka inavutika, samli juu, vitunguu vya kukaanga juu ya samli. Miaka yote mimi ndiye nnayekaa kuliani kwake. Mwaka huu kimya. Na nyumba yake iko mtaa wa nyuma tu! Na tumesoma chuo kimoja cha Kurani Malindi, Unguja, tukachapwa bakora moja!

Nimefikiri kosa langu ni lipi. Mwaka jana nilisema boko boko lake lina mabonge. Lakini nilisema kwa wema. Tena nilisema mbele ya watu wote, ili wote wafaidike.

Nimemuuliza binti yangu, Buthaina, kama kasikia lolote kutoka kwa akina Mahfoudh. Kaangusha kikombe. Mtu anahesabu noti benki kutwa, mikono haitikisiki. Ajabu.

Nimekata shauri. Alhamisi hii karamu kwangu. Boko boko nitapika mimi mwenyewe. Watu wote watakuja kwangu hapa Bawshar, mtaa wa mbele, na Mahfoudh abaki na makaa yake.

Jumapili, 4 Januari

Nimekwenda madukani Hamriya kununua ngano. Duka limejaa watu. Nikanyoosha kidole kwenye gunia kama mtu anayejua, nikalipakia garini. Nafika nyumbani, Buthaina ananiambia hiki ni chakula cha kuku. Nikamuuliza kajuaje. Kanionyesha picha ya kuku kwenye gunia. Nikamweleza, kwa upole, kwamba picha ile ina maana ngano hii hupikwa na nyama ya kuku.

Akasema, "Baba, huyo kuku kwenye picha anakula."

Nikatazama. Kweli, kainama.

Hata hivyo nimejaribu. Imechemka adhuhuri, imechemka alasiri. Kila nikifunua, ngano inanitazama vilevile. Jioni nimewapelekea njiwa wa msikitini. Baadhi wameonja. Wengi wameruka.

Lakini safari haikupotea: nimenunua sufuria. Sufuria hilo! Zito, pana kama gurudumu la lori, linang'aa mpaka mtu anaweza kunyolea ndevu. Nimeliweka katikati ya majlisi, wageni walione kabla hawajaniona mimi.

Jumanne, 6 Januari

Majasusi!

Nilikuwa nje namwagilia mpungate. Gari ikapita taratibu. Ikarudi, taratibu zaidi. Ikasimama. Akashuka Wael, mtoto wa Mahfoudh, yule mhandisi wa maji. Kanzu imepigwa pasi, manukato kama duka zima. Akanibusu kichwa. Akaniuliza hali. Akaniuliza kazi. Akaniuliza hali tena. Jasho linamtoka, katika baridi hii! Mwisho akauliza, macho chini, kama Alhamisi jioni mimi, ami yake, nitakuwepo nyumbani.

Ahaa! Katumwa. Babake kasikia habari za sufuria. Nikamwambia kwamba Alhamisi sipo, nakwenda Sib kwa dada yangu, nyumba itafungwa, hapana mtu. Rangi ikamtoka. Kapanda gari karibu agonge ukuta wa jirani.

Nikaingia ndani nikicheka, nikamhadithia Buthaina namna nilivyomzuga. Hakucheka. Alikaa chini. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akapiga simu. Nilimsikia akisema, "Yupo, yupo, usimsikilize, yupo." Sijui nani yupo, wala nani asisikilizwe. Watu wa benki wana mambo yao.

Jumatano, 7 Januari

Mahfoudh mwenyewe kapiga simu kwenye jiesem yangu ya mkononi! Sauti laini, kama ya mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake. Anataka kuja kesho baada ya Magharibi, yeye, Wael, na ami yake, Sheikh Bakhit. Wana jambo. Nikauliza jambo gani. Akasema mambo kama haya hayasemwi kwenye simu.

Nimefahamu mara moja. Kasalimu amri! Anahamishia karamu yake kwangu, na mzee Bakhit anamleta awe shahidi. Nikamwambia karibuni, na mje na njaa. Jamaa wengine nimewaambia wangoje Alhamisi nyingine.

Alasiri kafika dada yangu, Da Mahbuba, kutoka Sib. Kaja na udi, chetezo, mapazia mapya na halua. Nikamwambia haya yote ya nini, ni boko boko tu. Kanitazama kama anayetazama mgonjwa. Kakagua majlisi. Kakagua choo. Kakagua kola ya kanzu yangu. Akataka kuliondoa sufuria langu majlisini. Nikakaa mbele yake, nikakataa kuondoka. Akaniusia kwamba kesho, wageni wakisema lolote, mimi niseme "Inshallah kheri" tu, basi, nisiongeze neno.

Nikamuuliza kwa nini hanambii kinachotokea. Akasema jambo la wanaume huletwa na wanaume, na mimi nikipewa siri asubuhi, adhuhuri inajulikana mpaka Sohar. Uzushi! Sohar sina hata jamaa.

Buthaina kapika mkate wa kumimina, kakaanga kaimati, kasaga hiliki ya kahawa. Anaimba. Hatimaye binti yangu ana imani na mapishi ya babake.

Alhamisi, 8 Januari

Nimeanza na alfajiri. Ngano ya kweli, kaleta Da Mahbuba. Nyama ya mbuzi. Nimesonga mwenyewe. Da Mahbuba kaniomba mwiko, nimekataa. Buthaina kaniomba, nimekataa. Mabega yanalia. Chini limeshika kidogo, lakini moshi nao ni kiungo.

Nimelipeleka sufuria majlisini lenyewe, zima, linatoka mvuke, nimelikalisha juu ya mkeka. Sinia lingeficha ukubwa wake.

Magharibi imeshasaliwa. Gari inasimama nje. Wanavua viatu. Mahfoudh kavaa joho! Joho, kuja kula boko boko! Kweli ameshindwa huyu.

Ijumaa, 9 Januari

Jana sikuweza kuandika zaidi. Nitaandika kama ilivyokuwa, labda nikiisoma nitafahamu.

Waliingia, wakakaa. Kahawa, halua, tende. Hapana aliyetazama sufuria. Nikalisogeza kidogo. Hapana. Wael kainamisha kichwa kama yuko kwenye mtihani. Kisha Sheikh Bakhit akakohoa, akamshukuru Mungu, akamsalia Mtume, akasema:

"Sleyum, ndugu yetu. Tumepita majumba mengi, na yote ya kheri. Lakini hatukuona mfano wa kito kilichomo humu ndani mwako."

Nikasema alhamdulillahi. Nikatazama chini, kwa haya.

"Habari zake zimetufikia," akasema. "Uzuri wake, utulivu wake, malezi yake."

Malezi nilishangaa kidogo. Lakini nikakumbuka namna nilivyolisugua kwa ndimu na majivu kila siku. Nikasema kweli, nimelishughulikia sana.

"Basi tumekuja kukitaka. Tukiweke kwetu, tukitunze, tukistiri."

Haya! Usia wa Da Mahbuba nilikuwa nao mdomoni, wallahi, nilikuwa nao. Lakini mzee wa miaka ile kaja na joho na udi kuniomba sufuria, mimi nitamjibu "Inshallah kheri" kama bahili? Furaha ilinipanda kichwani.

Nikasema, "Chukueni! Leo hii! Bado kina moto!"

Sheikh Bakhit akaweka kikombe chini. Mahfoudh akanikodolea macho.

"Leo?" akauliza.

"Leo. Lakini Jumamosi mnirudishie."

"Tukurudishie?"

"Mnirudishie, na kiwe kimeoshwa. Nilimwazima jirani cha zamani, akakirudisha kimeungua na kimebonyea. Nikaapa sitoi tena. Lakini nyinyi ni watu wangu. Mkitaka, kila Alhamisi njooni mkichukue."

Kaimati ilimwanguka Wael mkononi, ikabingiria mpaka kwenye joho la babake. Mahfoudh akasimama. Uso mwekundu, midomo inacheza. Akasema tumejuana tangu Malindi, na kama sitaki, ningesema sitaki, siyo kumtukana mbele ya mzee wake kwa maneno ambayo hata mlevi hayasemi. Akataka viatu vyake. Mimi mkono bado nimeunyoosha kwenye sufuria.

Hapo pazia la ndani likatikisika, ikatoka sauti ya Da Mahbuba, nadhani imesikika mtaa wa tatu:

"Sleyum! Wanamposa Buthaina, si sufuria!"

Sikumbuki nilisema nini. Nnakumbuka Wael peke yake hakuwa amesimama. Kakaa vilevile, magoti pamoja, ananitazama kama mtu anayesubiri daktari atoke. Na mimi nikamtazama, kwa mara ya kwanza bila kumdhania ujasusi. Kijana mzuri. Masikio makubwa, lakini kijana mzuri.

Nikaomba ruhusa, nikaenda jikoni. Buthaina kasimama na sinia la vikombe, macho mekundu. Nikamuuliza kwa nini hakunambia.

Akasema, "Kila nikifungua mdomo, Baba, unanihadithia habari za ngano."

Nikamuuliza kama anamtaka. Akasema anamtaka. Hakuinamisha kichwa, alinitazama usoni, kama mamake alivyokuwa akinitazama. Tangu marehemu atutoke tumekuwa wawili, mimi na mtoto huyu, msimu wa baridi tunakaa hapo hapo jikoni na chai ya tangawizi, miguu karibu na jiko. Sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nitachemsha chai ya kikombe kimoja. Nilitaka kusema neno kubwa la baba. Nikasema vitunguu vya kukaanga viko wapi. Akanishika mkono.

Nikarudi majlisini. Mahfoudh kashavaa kiatu kimoja. Nikamwambia nimekubali, kwa moyo wote, wala hapana kurudishwa Jumamosi. Sheikh Bakhit ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka wakampa maji. Mahfoudh akanikumbatia na kiatu chake kimoja, analia, nami nalia. Nikamwambia ni vitunguu. Akasema na yeye ni vitunguu.

Ndipo nikamuuliza kwa nini hakunialika. Akashangaa. Kasema mwaka huu hajaalika mtu yeyote. Mkewe alimkataza kabisa: huwezi kumlisha mtu boko boko wiki hii na kumposa mwanawe wiki ijayo, watu watasema umemnunua kwa ngano. Kwa hivyo kaacha karamu zote kwa ajili yangu, na baridi yote hii kakaa ndani akila mkate na maharage. Nikamuuliza na lile la mabonge je. Akauliza mabonge gani.

Yaani hata hakunisikia! Nimesema mbele ya watu wote!

Tukala. Sheikh Bakhit katia tonge moja, akaomba maji. Katia la pili, akaomba maji tena. Kisha akatamka kwamba tangu azaliwe hajapata kula kitu kama kile. Nikamwomba arudie, Mahfoudh asikie vizuri. Akarudia, sauti ndogo. Mwenyewe nilimwona Wael akimaliza sahani yake yote, macho kayafumba. Utamu huo!

Harusi baada ya Idi Kubwa, Mungu akipenda.

Jumamosi, 10 Januari

Ofisini wote wameshajua. Philip kanipa hongera, kauliza kama kwetu kuna ng'ombe wa mahari. Nikamwambia hapana, kuna boko boko.

Mchana Mahfoudh kanipigia simu. Kasema sasa sisi ni wakwe, ndugu kamili, hapana tena kushindana kwa masufuria. Anaanza tena karamu zake Alhamisi ijayo, na mahali pangu ni pale pale kuliani kwake. Maneno mazuri sana. Nikamwitikia amin. Machozi yalinilenga.

Nilipokata simu nikafikiri. Alhamisi ijayo! Kwa nini Alhamisi ijayo, wakati mimi nimesema mbele ya Sheikh Bakhit kwamba kila Alhamisi waje kwangu? Undugu ndio huu? Anataka watu wakale kwake wasahau la kwangu. Si bure.

Sikumwambia Buthaina, kwa sababu ataona nnampiga vita mkwe wake. Da Mahbuba karudi Sib, naye sikumwambia. Nimetulia, nimepanga jambo dogo, safi, lisiloweza kuharibika. Nimempigia Sheikh Bakhit nikamwarifu kwamba Alhamisi Mahfoudh hawezi, homa ya baridi imemlaza, hapokei mtu, kwa hivyo jamaa wote waje kula kwangu. Nikawapigia na wengine wote, mmoja mmoja, nikawaambia hivyo hivyo.

Wamesikitika sana. Wote wamesema Alhamisi hiyo hiyo watakwenda kwa Mahfoudh kumtazama mgonjwa, na watamchukulia chakula.

Sifahamu kabisa. Si nimewaambia anaumwa?