Safari Yangu ya Kuonewa Huruma

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji amerudi. Kaka wa mke wangu, yule mrefu anayekalia kiti changu bila kuombwa. Eti kazunguka nchi nzima na mkoba mmoja, na kila alikofika watu asiowajua walimlisha, wakamlaza, mmoja akamvika koti. Koti lenyewe kalivaa sebuleni kwangu, na joto lote hili! Mke wangu akafuta machozi. Mimi sijawahi kuliliwa ila siku ya harusi, na sababu yake sijaelezwa mpaka leo. Baba mkwe akasema ukoo huu una mwanamume mmoja tu anayeijua dunia. Akanitazama mimi, kisha akatazama ukuta.

Basi nami nitasafiri. Jumapili tunakula kwa baba mkwe. Nitakuwa na visa vyangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimewaza sana leo kibandani, funguo za watu zikisubiri kuchongwa. Wema hauji hivihivi, sharti uchokozwe. Shemeji ana bahati, kazaliwa na uso wa njaa. Mimi nina kitambi. Nani amhurumie mwenye kitambi? Jawabu: mguu. Nimenunua bendeji. Nimekata mpini wa ufagio, umekuwa mkongojo. Nikajaribu kuchechemea mbele ya mteja. Akaniuliza kama nimepata kiharusi. Inatia moyo sana!

Nimemwambia mke wangu naenda kuiona dunia. Akauliza ni nani aliyekata ufagio.

Jumatano, 6 Machi
Basi hadi mwisho wa njia. Mji mdogo, mlimani, baridi ya kung'ata. Nikafunga bendeji nyuma ya choo cha stendi, nikaketi kwenye lango la soko, nikaanza kugumia. Watu wakapita. Nikagumia zaidi. Muuza nyanya akaja mbio. Nikajisemea: huyo, mfadhili wa kwanza! Akaniomba nisogee, nimewazibia wateja njia.

Hatimaye fundi baiskeli mmoja akanishika mkono. Akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Twende kwa Mama Viungo." Sikubisha. Mtu wa jina hilo anauza pilipili na mdalasini, na palipo na viungo mchuzi hauko mbali.

Si viungo hivyo! Mama Viungo huunga mifupa. Mjane, mpole wa sauti, mikono kama koleo. Akafungua bendeji yangu, mguu wa kushoto. Fundi baiskeli akashangaa, mbona njia nzima nilikuwa nachechemea wa kulia. Nikasema maumivu yangu yanahamahama. Mama Viungo akatikisa kichwa kwa huzuni. Kumbe jambo ni zito kuliko alivyodhani.

Akavuta yote miwili.

Alhamisi, 7 Machi
Siwezi kutembea. Safari hii kweli. Nimelala kitandani kwa Mama Viungo, yeye kalala kwenye mkeka. Uji asubuhi, uji mchana. Majirani wanaingia bila kukoma: huyu kaleta blanketi, yule mto. Mzee mmoja kaniombea dua ndefu hadi usingizi ukanichukua, na nilipozinduka alikuwa bado hajafika kwenye amina. Kwa jumla, huduma ya wastani. Mto una mabonge.

Alasiri Mama Viungo akaniomba nimtazamie kufuli la sanduku, ufunguo ulipotea tangu mumewe afariki. Nilikuwa nimeshajisifu kuwa hakuna kufuli linalonishinda, ningekataaje? Nikalifungua kwa pini ya nywele. Ndani, nguo za marehemu. Akakaa chini, akazishika moja moja. Kisha akanipa koti. "Vaa, mwanangu. Huku kuna baridi, na yeye hakupenda kitu kikae bure."

Kitu kilinikaba kooni. Nadhani ni uji.

Koti ni zuri kuliko la shemeji. Lina mifuko ya ndani.

Ijumaa, 8 Machi
Dereva wa lori la vitunguu, jirani yake Mama Viungo, kanirudisha nyumbani. Njia si yake kabisa. Nilimwomba apite polepole mbele ya nyumba ya shemeji. Kisha akanibeba mgongoni hadi mlangoni kwangu. Mke wangu akatoka mbio, akanipita, akamshukuru dereva, akamkaribisha mezani, akamsifu moyo wake mpaka mtu wa watu akaona haya. Mimi niliyemleta, hata chai! Na bila mguu wangu, huo wema wake angeuonyesha wapi?

Jumapili, 10 Machi
Nimesimulia. Nasema nimesimulia! Majambazi msituni. Mjane anapiga mayowe. Mimi na mkongojo wangu, wao na mapanga. Nikaumia mguu, naye akanivika koti la mumewe kwa shukrani. Baba mkwe akaacha kutafuna. Shemeji akavua koti lake kimyakimya. Mke wangu akaniongezea nyama!

Hodi mlangoni. Dereva wa vitunguu, kaelekezwa na jirani yetu. Nyuma yake, Mama Viungo na chupa ya mafuta ya kuchua. Kaja juu ya magunia njia nzima. Alikosa raha, alisema, kwa kuuwaza mguu wangu.

Dereva akamtambulisha kuwa ndiye mwenye lile koti, na baba mkwe akasimama kumpa pole kwa masaibu ya majambazi. Mama Viungo akauliza majambazi gani. Nikakohoa. Akaniuliza yale maumivu yanayohama yametua mguu upi. Nikanyoosha kidole, nikabadili, nikanyoosha kingine. Dereva akaanza kucheka. Mke wangu akafuta machozi. Nimeliliwa tena, kwa kicheko!

Mama Viungo hakucheka. Alinitazama sana, nikatamani sakafu inimeze. Kisha akawaambia, "Lakini sanduku langu alilifungua. Hilo nililiona kwa macho yangu." Akapiga goti, akanichua miguu yote miwili mbele ya ukoo mzima.

Nyama ilihamishiwa sahani ya dereva.

Jumatatu, 11 Machi
Mama Viungo kalala kwetu. Asubuhi hii kamnyoosha baba mkwe mgongo, na mzee anatembea kama bwana harusi. Anasema hajapata kumwona mtu kama yule. Shemeji kajitolea kumsindikiza mpaka kwake, mradi tu sifa zisimpite.

Mke wangu kaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama safari imenifunza chochote. Nimemjibu imenifunza mengi mno. Kosa lilikuwa mguu. Mguu una mfupa, na palipo na mfupa hakosekani mtu mwema wa kuuvuta. Safari ijayo nitakuwa bubu. Ulimi hauna mfupa. Waje hao wema wao, tuone watavuta nini.