Mtu wa Simba

Jumatatu, 7 Julai 1997

Sabasaba. Wengine wamepumzika, mimi nimepata barua. Imekuja kwa basi la Mbeya. Watu wa televisheni wanakuja kutoka Dar! Ni kituo kipya. Siku hizi kila mwenye mtaji anafungua chake. Wanataka kutengeneza makala kuhusu simba wetu.

Simba wetu ni Binti. Yumo kizimbani nyuma ya nyumba ya wageni, na mimi, Clemens, ndiye msimamizi hapa. Mwekezaji alimtoa bonde la Rukwa akiwa mdogo kama paka, awe kivutio cha watalii. Watalii hawakuja Sumbawanga. Februari mwekezaji naye akaenda Dar kununua jenereta. Bado anainunua.

Evodia, mpishi wetu, ndiye anayemlisha Binti. Kafurahi kuliko mimi. Akasema niwaonyeshe wageni kidonda cha mguu wa mbele, na saruji iliyopasuka inayomkata kila anapozunguka. Wakikionyesha kwenye televisheni, huenda akapatikana daktari, hata sehemu pana ya kumpeleka. Nikamwahidi. Niliahidi kwa moyo mweupe kabisa.

Kisha nikajaribu kofia ya mwekezaji mbele ya kioo. Si mbaya!

Jumanne, 8 Julai

Balaa. Oswaldi amesikia. Huyu alikuwa dereva wa mwekezaji, na ndiye aliyemleta Binti mjini, ndani ya tenga la kuku. Sasa anatangaza sokoni kwamba alimpora mdomoni mwa mama yake. Amenunua koti la ngozi la mtumba. Kweli upepo wa Julai ni mkali, lakini najua si baridi inayomsumbua.

Nami nimeanza kutafuta hadithi yangu. Mke wangu Gaudiosa akauliza ya nini, na ya kweli ipo: nilikuwa karani wa chama cha ushirika, chama kikafa, nikapata kazi ya kushika funguo. Nikamwambia hakuna atakayewasha televisheni aone hayo.

Alhamisi, 10 Julai

Wamefika, wekundu kwa vumbi la barabara ya Tunduma. Mtangazaji anaitwa Stanley. Havui miwani ya jua hata chumbani. Mpiga picha haongei.

Evodia aliwapeleka kizimbani kabla hawajanawa uso. Akawaonyesha kidonda, nzi, na njia ambayo Binti ameichimba kwa kuzunguka kando ya ukuta. Stanley akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema jambo hili ni muhimu sana, watalipiga picha mwanga ukiwa mzuri. Kisha akaniuliza mimi ni nani.

Nikafungua mdomo. Nilikusudia kusema msimamizi.

"Mimi ndiye baba yake," nikasema. "Huyu namwamuru kwa jicho tu."

Stanley akavua miwani.

Evodia alinitazama. Nikajifanya kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Mara Oswaldi akatokea na koti lake. Akadai alilala blanketi moja na Binti miezi sita. Stanley akafurahi mno: wako wawili! Akauliza kama tunachukiana. Nikasema hapana, Oswaldi ni baba wa ubatizo wa binti yangu Justina. Stanley akanywea. Oswaldi akaona hivyo, akasema tunachukiana sana.

Ijumaa, 11 Julai

Stanley anataka simba angurume, mimi nimesimama mbele. Tatizo ni kwamba Binti akishiba hangurumi. Analala.

Niandike ukweli, humu hasomi mtu. Hakuna aliyenituma. Wazo lilikuwa langu. Asubuhi Mboje, yule Msukuma mfugaji, alileta mbavu za ng'ombe wake aliyevunjika mguu. Nikazipokea, nikazifungia stoo. Nikamwambia Evodia nyama ya leo haikuja.

Akaniamini. Akampelekea Binti maji, akachuchumaa kando ya nondo akimwomba radhi kwa Kifipa. Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

Sikula vizuri. Ila nilikula.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya picha. Mimi na kofia, Oswaldi na koti. Stanley akataka tugombane. Tukagombana. Oswaldi akaniita karani, nikamwita mbeba kuku. Stanley akasema safi, turudie kwa sauti zaidi.

Binti alikuwa amelala chini. Nikamtolea jicho. Akanitazama kidogo, akageukia ukuta. Mpiga picha akacheka, na hiyo ndiyo sauti yake ya kwanza tangu afike.

Oswaldi akachukua fimbo, akaipenyeza kati ya nondo, akamchokoa. Nikamrukia nikamnyang'anya. Hapo ningeishia! Hapo ningekuwa mtu! Lakini kamera ilikuwa imenigeukia. Nikamchokoa mimi.

Binti akaruka. Alizipiga nondo kwa mguu uleule mbovu, akatoa sauti ambayo haikuwa ya hasira. Damu ikaruka kwenye saruji. Stanley akapiga makofi: "Safi sana! Safi sana!"

Nilipogeuka, Evodia alikuwa nyuma yangu. Amezipakata zile mbavu kama mtoto.

"Baba Justina," akasema taratibu, "nyama hii imekuja lini?"

 Stanley akamwomba mama asogee, anaziba picha. Evodia hakusogea. Akauliza kidonda watakipiga saa ngapi. Stanley akamwambia kanda imekwisha.

Saa nane walikuwa wameondoka.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda misa. Nimemwambia Gaudiosa ni tumbo. Si tumbo.

Binti haukanyagi ule mguu. Nilimpelekea maji mwenyewe. Aliponiona akarudi nyuma mpaka ukutani. Hajawahi kunifanyia hivyo.

Nikaanza barua kwa bwana nyama, afisa wa wanyamapori, aje amwone. Nikaandika "Ndugu". Halafu nikafikiri atauliza nani alimjeruhi. Nikaichana.

Jumapili, 24 Agosti

Stanley ametuma kanda. Banda la video lilijaa tangu saa nane mchana. Wengine walichungulia dirishani. Makala inaitwa "Wababe wa Sumbawanga". Dakika ishirini na tano! Mimi. Oswaldi. Mimi tena, kwa karibu, na ngoma nyuma. Oswaldi akilia kwa kumkumbuka simba wake, mwongo mkubwa.

Binti anaonekana nusu dakika. Ni pale anaporuka tu, wamerudia mara tatu. Kidonda hakimo. Evodia hayumo. Msimulizi anasema simba huyo mkali anamtii mtu mmoja tu duniani.

Watu wakashangilia. Nikasimama kuwapungia mkono. Mkono ukiwa juu, nikamwona Evodia mlangoni, bado na aproni yake.

"Mmependeza, Baba Justina," akasema. Akaondoka.

Mkono sikujua niuweke wapi.

Jumatano, 27 Agosti

Limekuja lori, na bwana nyama, na daktari. Evodia aliandika barua mwenyewe, Julai ileile, siku ambayo mimi nilichana yangu.

Daktari alimchoma Binti sindano ya usingizi, akaukagua mguu kwa muda mrefu. Usaha umeingia ndani. Atapona, lakini atachechemea maisha yake yote. Akauliza nani alikuwa akimtunza.

Nikatazama chini. Nilingoja jina langu.

"Sisi," Evodia akajibu. Neno hilo tu. Angenitaja ningeona nafuu.

Wanampeleka mbali, sehemu pana yenye uzio na miti. Evodia akapanda nyuma ya lori amsindikize mpaka njia panda. Mimi nikashika mlango wa kizimba usijifunge. Hakuna aliyeniomba, na hakikuwa na mtu ndani.

Jumamosi, 30 Agosti

Barua ya Stanley. Watazamaji wameniulizia! Anataka kujua kama nina mnyama mwingine.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nililia, Gaudiosa ni shahidi. Nikakaa mezani nimjibu kwamba hapana, nimeachana na mambo haya, kiumbe aliumia kwa ajili ya sifa zangu, na mwanamke mmoja alinisitiri nisivyostahili. Gaudiosa akasema haya ndiyo maneno ya kwanza ya maana kuyasikia kutoka kwangu mwaka huu.

Nikayasoma kwa sauti. Yanagusa! Nikayasoma tena, taratibu, nimesimama. Sauti ilikatika yenyewe pale kwenye "sifa zangu". Mtu akiyasema hayo mbele ya kamera, nchi nzima italia. Oswaldi hawezi. Oswaldi hana majuto.

Kwa hiyo nimemwandikia Stanley kwamba safari hii ni makala ya toba. Shida ni moja: siwezi kutubu peke yangu nyuma ya nyumba, na kizimba kitupu. Nimekwenda kwa Mboje. Anasema kuna mtu kijijini Kate amenasa mtoto wa chui. Nimemwomba amwambie asimtoe kwa mtu mwingine. Na kama ni mgonjwa kidogo, vizuri zaidi, nipate kumhurumia.