Nimelilia Setla wa Wenyewe

Leo nimejianika mbele ya wazungu ishirini na saba, na mimi ndiye niliyewakusanya.

Mnajua nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Houston. Mama ninayemtunza anakaa Katy, nje kidogo ya mji, ana miaka tisini na mbili. Mimi humwita Shosho, yaani nyanya kwa Kikikuyu, na yeye hulipenda jina hilo kuliko lake. Wiki ijayo anahamia Lewisville, mbali kaskazini, kwa bintiye, Linda, na daktari amesema akishafika huko, safari ndefu za gari ndiyo basi tena. Shosho alikuwa na haja moja tu kabla ya kuhama: aguse kaburi la mtu wa kwanza wa ukoo wao kuingia Texas. Setla kabisa, mlowezi, yule wa kuja na magari ya ng'ombe wakati huku bado ni Mexico. Jina lake hawalijui, maana karatasi zao ziliungua na nyumba zamani. Wanajua tu alikuwa baba ya Amos, na Amos ndiye baba ya babu yake Shosho.

Nikasema niachieni mimi. (Nani alinituma? Hakuna.)

Nikawa natafuta kwa simu Shosho akilala mchana. Nikapata makaburi madogo huko mashambani, mwendo wa saa mbili kutoka Katy, na ndani yake masetla wawili wenye jina lao la ukoo: Elijah na Josiah. Sasa yupi? Linda alikuwa amekwama hapo miaka. Mimi nilitumia dakika tano. Kijana wa kwanza wa Amos aliitwa Elijah. Na sisi Wakikuyu, kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Haina mjadala. Kwa hivyo baba ya Amos ni Elijah. Linda akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kwetu hata mtoto wa nasari anajua hii. Akaniamini, maskini, akaita ukoo mzima.

Basi leo saa nne asubuhi tumefika. Wajukuu, vitukuu, mashemeji, wote wamevua kofia. Nikasukuma kiti cha Shosho hadi kwa jiwe la Elijah, Shosho akaweka kiganja juu, akafumba macho. Wakanyamaza. Wakazidi kunyamaza. Sasa mimi kimya cha kaburini sikiwezi, sikulelewa hivyo. Nikashika usukani.

Nikawapanga kama matanga ya kwetu. Watoto mbele, wajukuu wafuate, mashemeji mje mjulikane, picha baadaye. Wakatii! Nikaimbisha pambio la Kiswahili, wakapiga makofi nje ya mdundo lakini kwa moyo. Kisha nikaomba. Mnanijua nikiomba. Nilianza chini, nikapanda, nikafika mahali nikawa naongea na marehemu mwenyewe. Nikamwambia, "Baba Elijah, angalia uzao wa kiuno chako, umejaa Texas yote!" Machozi yakanitoka. Linda naye akalia. Binamu mmoja mkubwa wa mwili, mtu wa kuendesha malori, akalia hadi akashikwa na kwikwi.

Video nikaituma papo hapo kwa grupu ya familia yetu huko nyumbani. (Kiherehere hakina dawa.)

Hapo ndipo mzee mmoja wa kofia pana akaja na maua na mashine ya kukatia nyasi. Akasimama pembeni kwa adabu hadi amina ya mwisho. Kisha akaniuliza mimi, kwa sababu nilionekana ndiye mchungaji, "Samahani, ninyi ni watu wa nani?"

Nikajibu kwa kifua kwamba hawa ni uzao wa Elijah.

"Mama, Elijah alikufa bila mke wala mtoto."

Ngai, Mungu wangu. Yule mzee akaeleza polepole kwamba yeye ni wa uzao wa dada yake Elijah, na wao ndio hutunza hilo kaburi. Akaleta Biblia ya ukoo kutoka kwa gari, majina yameandikwa kwa mkono ukurasa wa kwanza. Amos ni wa Josiah. Josiah ni ndugu yake Elijah, na hao wawili waligombana juu ya mpaka wa shamba, wakakaa miaka bila salamu. Josiah aliacha neno azikwe mwisho kabisa wa makaburi, mbali na ndugu yake. Na mimi nimemletea huyo ndugu familia yote ya Josiah, na nyimbo juu.

Nikajitetea. Nikamuuliza, sasa yule kijana wa Amos alipewa jina la nani?

Akafikiria kidogo. "La mtu yeyote. Mama yake alilipenda tu."

Alilipenda tu. Mtu anazaa, anaangalia mtoto, anachagua jina kama kitambaa cha pazia! Nilitamani kuingia kwa shimo, na mashimo hayakosekani pale.

Tukavuka makaburi yote na kile kiti kwenye nyasi, yule dereva wa malori akisukuma, mimi nyuma nimeinamisha kichwa. Jiwe la Josiah limeinama, limeota kuvu. Shosho akaligusa, akakaa nalo muda mrefu. Nikajua amefika. Kisha akanigeukia, akasema, "Haya, rudia. Huyu hakusikia."

Nimerudia yote. Pambio, mashemeji, kiuno, yote. Machozi mara ya pili yalikataa kutoka, nikajifinya.

Nimerudi kwangu Sharpstown, hapa Houston, nikapata mama yangu amepiga simu kutoka nyumbani Limuru mara sita. Ameona video. Nikamsimulia, nikidhani atacheka hadi akohoe. Hakucheka. Akanikumbusha kwamba babu yangu alifukuzwa kwenye shamba lake na setla, akafa bila kulirudia, na mimi ndiye nabeba jina la mkewe. Kisha akauliza, "Kaburi la babu yako liko upande gani wa boma letu?"

Sikujua. Bado sijui.

Kwa hivyo yeyote anayetaka kunicheka, ruhusa, lakini kwanza aandike hapa chini kaburi la babu yake liko wapi.