Kuhusu Tairi za Nyuma na Kutorudi kwa Dianah

Ngoingwa, Thika.
Jumatano.

Kwa Mzee Urbanus Nzioki,
Ruiru.

Baba mkwe mpendwa,

KUH: TAIRI ZA NYUMA ZA GARI LANGU KUGUSA MADIGADI, NA MKE WANGU KUTORUDI NYUMBANI

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa kwa mambo ambayo karatasi hii itayaeleza. Nimekuandikia wewe, wala si chifu wala mchungaji, kwa sababu wewe ulishika mizani ya kahawa pale shambani kwa miaka ishirini na miwili, na lalamiko langu ni la uzito.

Leo ni siku ya kumi tangu Dianah, binti yako na mke wangu, ashuke garini mwangu pamoja na mama yake na kuja kwako. Najua umesikia upande wao. Naomba sasa usikie upande wa gari.

Kama ujuavyo, gari hili nimeliunda mwenyewe. Lilifika kwenye kreti likiwa vipande vipande, nikaliunganisha uani kwangu kwa miaka mitatu, kila nilipotoka zamu kiwandani. Lina viti viwili mbele na benchi moja nyuma. Mwezi jana nililivika tairi mpya za nyuma, kila moja pana kuliko ya zamani kwa sentimita tano, maana gari la aina hii likiwa na tairi nyembamba nyuma huonekana kama fahali mwenye miguu ya mbuzi. Wanafunzi pale Juja walilipiga picha. Kule Kamakis wanaume wazima waliacha mbavu za kuchoma mezani wakaja kuinama nyuma yake. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue tunazungumzia kitu gani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi. Kati ya tairi na madigadi niliacha nafasi ya vidole viwili, na nilipima upande wa nje, ambao ndio watu huuona. Muriithi, fundi wa tairi wa Makongeni, alijaribu kunitia wasiwasi. Alisema, "Bosi, tairi pana inaongezeka pande zote mbili. Cheki pia hapo ndani kwa springi. Paka choki, endesha kidogo, alafu uone imefutika wapi." Nilimjibu kwamba mimi ni fundi mitambo wa kuajiriwa, na kwamba choki ni ya walimu.

Hata hivyo sikuwa mzembe. Nilijua Mama angekuja kututembelea na kwamba mimi ndiye ningemrudisha Ruiru. Adabu yetu hainiruhusu kumuuliza mama mkwe kilo zake. Hata kumtazama sana ni makosa. Kwa hiyo nilikadiria kwa heshima. Nilipakia mifuko mitatu ya simiti kwenye benchi, mmoja kwa niaba ya Dianah na miwili kwa niaba ya Mama. Nafasi ikapungua ikabaki kidole kimoja, na kidole kimoja ni nafasi.

2. Mama hakuja peke yake. Alikuja na kiondo. Ndani mlikuwa na maboga mawili, ndizi, unga wa mahindi aliosagisha mwenyewe, na kuku aliyefungwa miguu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichotajwa kwenye simu. Nilijipa moyo kwamba vingebaki Ngoingwa na gari lirudi jepesi, lakini nilisahau kwamba kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. Dianah alikijaza sukari, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni ya kufua na mkate juu, kikaondoka kizito kuliko kilivyokuja. Nauliza kwa unyenyekevu: tukiendelea kupendana namna hii, mzigo utaanza kupungua lini?

3. Radio. Kitu cha kwanza nilichofunga kwenye gari hili, kabla hata ya breki, ni radio, na spika zake mbili ziko nyuma ya benchi. Tangu niweke tairi pana nilikuwa nikiendesha radio ikiimba, na kwa wiki tatu sikusikia gari likilalamika hata mara moja. Ni kweli Dianah aliwahi kusema, tena si mara moja, kwamba anasikia harufu ya mpira unaoungua. Nilimkumbusha kwamba Thika ni mji wa viwanda.

Jumapili hiyo ya kumrudisha Mama Ruiru, hata hatujatoka Ngoingwa vizuri, Mama akasema, "Mwanangu, hebu zima hiyo kitu tuongee." Nikazima. Hapo hapo nyuma kukaanza kulia, krrr, krrr. Wewe ni mtu wa mizani, nakuachia uamue. Gari limenyamaza wiki tatu, Mama amekaa dakika kumi, sauti imeanza.

4. Matuta. Kwa kujali tairi, na kwa kujali Mama pia, nilimwomba ashuke kwenye kila tuta, avuke kwa miguu, kisha apande tena upande wa pili. Mlango nilimfungulia mwenyewe. Alishuka tuta la kwanza, la pili na la tatu, akiwa amebeba kiondo, kwa kuwa nilimweleza kwamba kiondo nacho ni abiria. Kwenye tuta la nne, karibu na Juja, tuliwakuta akina mama wa kanisa wanaomfahamu. Mmoja wao akamuuliza kama gari limeharibika. Mama akajibu, "Gari ni zima. Ni mimi nimezidi."

Kisha akakiweka kiondo chini kando ya barabara, akaendelea kutembea kuelekea stendi ya matatu. Dianah akashuka akamfuata. Mimi nikadhani ni mambo ya tuta. Nikapakia kiondo, nikavuka, nikawangoja upande wa pili kama kawaida. Niliwangoja saa nzima.

5. Lalamiko la mwisho naliweka kwa ukoo wote. Siku tuliyowaletea mbuzi wa ntheo, wale wa kumposa Dianah, mlituuliza mengi: sisi ni mbari gani, tunasali wapi, kama kwetu kuna ugonjwa wa kurithi. Tulijibu yote. Lakini wazee wa pande zote mbili walikula wakashiba wakaondoka bila mtu yeyote kutaja kilo. Ndoa nyingi zinavunjika kwa kukosa habari mapema.

Kwa hivyo ninapendekeza yafuatayo. Ile mizani kuukuu uliyopewa ulipostaafu itolewe stoo, na Mama apimwe kabla ya kila safari, apewe cheti chenye sahihi yako. Kiondo kitengewe siku yake ya kusafiri. Kuanzia sasa wakwe wa pande zote wapimwe siku ya ntheo, mbele ya mashahidi, kabla mbuzi hawajachinjwa. Na binti yenu yeyote atakayeolewa na mtu mwenye gari la kuunda mwenyewe aambiwe mapema kwamba upendo una kikomo chake, na kikomo hicho ni madigadi.

Usidhani sijatafuta njia nyingine. Nimepiga hesabu ya gari bila kiondo. Nimeipiga bila Mama. Juzi niliipiga hata bila Dianah, na hapo tairi zina nafasi tele. Shida ni kwamba nikifika hapo sioni pa kwenda na hilo gari. Kila asubuhi nachemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, nainywa yote, na nyumba bado ni kubwa. Naumia, Baba. Naomba Dianah arudi, na ikiwa lazima arudi na mzigo, basi na arudi nao.

Nisalimie shemeji zangu wote, majirani wanaokuja kuteka maji kwenu, yule ng'ombe wa pembe moja, na mlinzi wa shamba la kahawa. Msalimie na Mama, ukiona anapokea salamu.

Wako katika heshima na vipimo,

Kaloki Mutisya
Fundi mitambo, zamu ya mchana

Tanbihi: Sasa ni Alhamisi asubuhi. Kabla ya kutuma barua hii nilitaka kukuambatishia ushahidi usiopingika. Choki sikuwa nayo, kwa hiyo nilichukua unga wa Mama jikoni, nikaulowesha kidogo, nikazipaka tairi za nyuma nje na ndani. Nikaendesha peke yangu hadi mjini na kurudi, benchi tupu, radio nimezima. Lililia krrr njia nzima.

Nilipoinama nyuma yake, unga wa nje ulikuwa mzima kama nilivyoupaka. Wa ndani, upande wa springi, haukubaki hata chembe, na mpira umelika hadi nyuzi zinaonekana. Nilimpelekea Muriithi. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema, "Hii ingepasukia barabara kubwa." Mama asingeniambia nizime radio, ingetupasukia sote.

Tairi za zamani zimerudi mahali pake. Jumapili nitakuja kwenu, na gari nitaliacha hapa Ngoingwa. Kiondo cha Mama nitakibeba mwenyewe, na hakiji kitupu.

Barua hii ningeichana. Lakini miaka ile yote ulipima kahawa pamoja na gunia lake, kisha ukaondoa uzito wa gunia, ukaandika kilichobaki. Naomba uipime na hii hivyo hivyo. Kitakachobaki msomee Mama, Dianah akiwa karibu.